Mizani, Pini na Maelezo: Historia ya Mifano ya Programu za Vyombo Vipimavyo, Ikitazamwa Kutoka Chinongwe

Chinongwe ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Wilaya yenyewe ni changa, kwani iliundwa mwaka 1995, na hata leo mambo ya wakulima wake hayatengani na ya jirani zao: chama kikuu cha ushirika wanachokitegemea huitwa RUNALI, jina lililofumwa kwa silabi za mwanzo za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Katika jina la Chinongwe msomaji ataona mara moja kiambishi chi-, ambacho ndicho ki- cha Kiswahili kama kitamkwavyo katika lugha nyingi za kusini. Wamwera ni wengi katika nchi hiyo, na sarufi ya lugha yao, iliyotungwa na Lyndon Harries, ilipigwa chapa mwaka 1950, yaani wakati uleule ambapo matrekta ya karanga yalikuwa yakinguruma Nachingwea.

Makala haya yahusu mifano ya programu: yale maandishi mafupi ambayo mwanafunzi wa elektroniki hupewa ili ajifunze kuiamuru kompyuta ndogo iwashe taa, isikilize swichi, au ipime joto, mvua na uzito. Huenda mtu akauliza jambo hilo lina haja gani kwa jarida la lugha. Jibu ni kwamba mfano wa programu ni maandishi. Una historia yake kama maandishi mengine. Una wasomaji wawili, mashine na mtu, ambao hawasomi kitu kimoja. Na baina ya wasomaji hao wawili ndipo ilipo nafasi ya Kiswahili. Nimeitazama historia hiyo kutoka Chinongwe kwa sababu huko kupima si zoezi la darasani. Mkulima wa korosho na ufuta hupokea fedha kwa kadiri ya nambari aliyosomewa kwenye mizani.

Watu wa pwani ya zamani walipima nafaka kwa ujazo. Vibaba viwili vilifanya kisaga, vibaba vinne vilifanya pishi. Na bidhaa nzito kama pembe na sandarusi zilihesabiwa kwa frasila, ambayo ilikaribia ratili 35. Vipimo hivyo vilikuwa na kasoro nyingi, lakini vilikuwa na sifa moja ambayo vyombo vya leo havina: kila mtu alikiona kipimo kwa macho yake. Kibaba kilijazwa mbele ya muuzaji na mnunuzi, na ugomvi, kama ulikuwapo, ulihusu namna ya kujaza, kama kibaba ni cha tele au ni cha mfuto. Lugha ilikuwa na maneno mawili kwa ugomvi huo, na kila mtoto aliyetumwa dukani aliyajua.

Kusini, kivuli cha kipimo cha ujazo hakijaondoka. Kangomba ni neno linalojulikana sana katika mikoa ya korosho. Maana yake ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu wa chama, aghalabu kwa bakuli au kopo badala ya mizani, na mara nyingi kabla ya msimu kufunguliwa, wakati mkulima ana dhiki ya fedha. Serikali imeupiga vita ununuzi huo kwa miaka mingi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, uliwataka wakulima wapeleke mazao yao katika ghala la chama cha msingi, yapimwe kwa mizani, na kila mmoja apewe hati ya kilo zake. Hivyo bakuli la kangomba likashindana na mizani. Na mizani nayo, ambayo zamani ilikuwa na mkono na jiwe, imekuwa ikigeuka kuwa ubao wa chuma wenye kioo kidogo kinachowaka nambari.

Tofauti baina ya mizani hizo mbili ni kubwa kuliko ionekanavyo. Mizani ya mkono huonyesha ushahidi wake: mkono ukiinama, umeinama mbele ya watu wote. Mizani ya nambari huonyesha hukumu tu. Ushahidi umefichwa ndani, katika chipu, na katika chipu hiyo imo programu ambayo mtu fulani aliiandika.

Kabla ya kuifungua mizani hiyo yafaa tukumbuke kwamba Nachingwea imekwisha kuona hasara ya nambari zisizohakikiwa mahali pake. Mwezi Februari 1947 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kulima karanga katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 yalikuwa yawe Tanganyika, na katika hayo Jimbo la Kusini lilitengewa 55, sehemu kubwa kuliko zote. Mwaka 1948 kazi ilikabidhiwa shirika la serikali la Overseas Food Corporation. Reli ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, ikafungwa mwaka 1962. Vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Na Waafrika wengi walifundishwa kuendesha mitambo ambayo majina yake yaliingia katika Kiswahili kwa mlango huo na milango mingine, kama katapila, ambalo ni jina la kampuni ya Caterpillar lililogeuka kuwa jina la chombo. Januari 1951 mpango uliachwa, baada ya kula pauni zipatazo milioni 36.

Sababu za kuanguka kwake ni nyingi na zimeandikwa na wengi. Kwa shabaha yetu yatosha moja. Hesabu ya ekari ilitangulia hesabu ya mvua na udongo. Huko Kongwa, ambako kazi ilianzia, udongo uliolainika wakati wa masika uligeuka mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, ukakwaruza na kula majembe ya mashine. Na mvua haikuja kwa kadiri iliyotazamiwa. Kusini mvua ilikuwa bora, lakini bandari na reli hazikuwa tayari wakati mashine zilipohitajiwa. Maagizo yalitolewa kwa nguvu na kwa wingi. Kuuliza kulifanywa kwa haraka na kwa uchache. Msomaji aliyewahi kuona programu ya kompyuta ndogo atatambua kwa nini nimelitaja jambo hili, kwa sababu programu ya namna hiyo ina kazi mbili tu: kuagiza na kuuliza.

Sasa tuifungue mizani. Ndani yake, chini ya ubao wa kupakilia, mna kipande cha chuma, mara nyingi alumini, kilichobandikwa nyuzi nyembamba za kupimia mkazo. Uzi wa namna hiyo ulivumbuliwa Marekani mwaka 1938 na Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa njia yake. Mzigo ukiwekwa, chuma hupinda kidogo sana, kiasi kisichoonekana. Uzi huvutika, na uwezo wake wa kupitisha umeme hubadilika. Badiliko hilo ni dogo mno, la sehemu za elfu za volti, kwa hiyo hupitishwa katika chipu ya kulikuza na kuligeuza nambari. Chipu ipendwayo zaidi na wanafunzi na mafundi huitwa HX711. Hutoa nambari yenye tarakimu 24 za uwili, mara 10 au mara 80 kwa sekunde. Nambari hiyo si kilo, wala si ratili. Ni nambari tu. Huifikia kompyuta ndogo, na hapo ndipo programu huigeuza kuwa uzito.

Kompyuta ndogo ninayoisema huitwa na mafundi maikrokontrola: ni kompyuta nzima iliyo ndani ya chipu moja, pamoja na kumbukumbu yake na miguu ya kuingizia na kutolea umeme. Kizazi chake hakina umri mrefu. Kampuni ya Intel ilitoa chipu yake ya 4004 mwaka 1971, nayo ilihitaji chipu nyingine za kuisaidia. Chipu zilizobeba vyote pamoja zilienea katika miaka ya 1970 na 1980, zikaingia katika vikokotozi, mashine za kufulia na magari. Mwaka 1996 kampuni ya Atmel ilianza kuuza chipu za AVR, ambazo mpango wake ulibuniwa na wanafunzi wawili wa Trondheim, Norway, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan. Hata hivyo kwa muda mrefu chipu hizo zilikuwa mali ya wahandisi. Mtu alihitaji vitabu vizito vya maelezo na vyombo vya gharama kabla ya kuwasha taa moja.

Geuko lilitokea katika mji mdogo wa Ivrea, Italia, katika chuo cha usanifu. Mwanafunzi kutoka Kolombia, Hernando Barragán, alianza mwaka 2003 kazi ya shahada aliyoiita Wiring, yaani ubao wenye chipu pamoja na lugha nyepesi ya kuuamuru, kwa ajili ya wasanii na wasanifu wasio wahandisi. Juu ya msingi huo, mwaka 2005, Massimo Banzi, David Cuartielles na wenzao walitoa ubao wa bei nafuu zaidi, wakauita Arduino, kwa jina la baa ya mjini humo, ambayo nayo ilibeba jina la mfalme wa kale. Ubao ulioenea kuliko yote, Uno, ulitolewa mwaka 2010. Una pini 14 za kuagiza na kuuliza kwa ndiyo au siyo, na pini 6 za kusoma kiwango cha umeme.

Kwa maoni yangu kilichoushindia ubao huo si bei peke yake, bali mifano. Mwanafunzi alipoweka programu ya kuandikia katika kompyuta yake alikuta ndani yake orodha ya mifano iliyo tayari: wa kwanza huwasha na kuzima taa, wa pili husoma swichi, mwingine husoma kiwango cha umeme, na kadhalika, kila mmoja ukiongeza jambo moja juu ya uliotangulia. Mifano mingi kati ya hiyo imetolewa huru kabisa, mali ya watu wote, na hakuna anayehitaji kuomba ruhusa ili aibadili au aifasiri.

Utaratibu huo si mgeni kwetu sisi tunaoshughulika na lugha. Katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja cha mwaka 1870, Edward Steere hakuwapa wanafunzi kanuni tupu, bali sentensi za mfano. Mfano wa sarufi haukuwekwa ili usemwe kama ulivyo. Umewekwa ili mwanafunzi atoe neno moja na kuweka lingine. Katika kompyuta desturi hiyo ilitiwa nguvu na Brian Kernighan na Dennis Ritchie, ambao kitabu chao cha lugha ya C, cha mwaka 1978, chaanza kwa programu ya kuandika salamu fupi tu. Kwa kuwa ubao usio na kioo hauwezi kuandika salamu, Wiring na Arduino zilitumia taa ikonyezayo. Taa ikikonyeza, mwanafunzi hujua kwamba mashine imemsikia.

Tuangalie sasa maneno, kwanza pini yenyewe. Neno hili ni la mkopo, wala halina undugu na mpini wa jembe au kipini cha kisu na cha puani, ambayo ni maneno ya Kibantu ya kale. Yamefanana kwa bahati. Wako wanaosema mguu, nalo ni neno zuri, maana chipu ikitazamwa ubavuni hufanana na jongoo. Lakini mguu na pini si kitu kimoja. Chipu ya Uno, katika umbo lake lenye miguu mirefu, ina miguu 28. Na ile pini ya 13 ambayo mfano wa kwanza huiamuru imeungwa na mguu wa 19. Mwanafunzi anayeambiwa "mguu wa 13" akaenda kuhesabu miguu ya chipu atafika pasipo. Kwa hiyo napendekeza tuyagawe: mguu uwe wa chipu, na pini iwe ile sehemu ya ubao iliyopewa nambari na ambayo programu huijua kwa nambari hiyo. Kwa nini 13? Kwa sababu katika mbao za awali pini hiyo ilikuwa na kizuizi chake cha umeme, nayo ilikaa jirani na pini ya ardhi, hata mtu aliweza kuchomeka taa ndogo moja kwa moja bila kuiunguza.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kiswahili husema washa taa na zima taa, kama ambavyo husema washa moto na zima moto. Mwalimu atakayefasiri mfano wa kwanza atavutwa kuandika: washa pini, ngoja, zima pini, ngoja. Lugha ni safi, lakini maana imepotoka. Amri ya asili haisemi habari za taa. Husema pini ipandishwe au ishushwe, yaani iwe na volti 5 au isiwe nazo. Taa iliyofungwa baina ya pini na ardhi huwaka pini ikipanda. Lakini taa iliyofungwa baina ya pini na chanzo cha umeme huzimika pini ikipanda, na huwaka ikishuka. Kadhalika swichi: mafundi wengi huifunga kwa namna ambayo pini husomeka juu wakati haijabonyezwa, na chini inapobonyezwa. Mwanafunzi aliyefundishwa washa na zima atadhani mashine imeharibika. Inua na shusha ndizo tafsiri za haki, hata kama hazina ladha ya jikoni.

Umbo la programu lenyewe latupa faraja. Kila mfano una sehemu mbili: ya kwanza hufanywa mara moja tu, ubao unapopata umeme, ya pili hurudiwa bila kikomo mpaka umeme ukatike. Lugha nyingi zitahitaji maneno ya ziada kuonyesha tofauti hiyo. Kiswahili kinayo tayari katika kitenzi. Sehemu ya kwanza ni amri: pini ya 13 na iwe ya kutolea. Sehemu ya pili ni hu- ya desturi: huinua, hungoja, hushusha, hungoja. Sidhani kwamba mwalimu wa sarufi angepata mfano bora wa kueleza hu-, ambayo haina nafsi wala wakati.

Kungoja nako kuna hatari yake. Katika mfano wa kwanza mashine huagizwa ingoje milisekunde 1000, na wakati inapongoja haifanyi wala haisikii kitu kingine. Kwa taa hakuna dhara. Lakini chukua kipima-mvua chenye kibuyu cha kupinduka, ambacho hupinduka kila mvua ifikapo, tuseme, milimita 0.2, na kila kinapopinduka hufunga swichi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mvua ya masika ya milimita 60 kwa saa itakipindua mara 300, yaani mara moja kila sekunde 12. Programu iliyonakiliwa kutoka mfano wa taa, inayolala sekunde nzima na kuamka kutazama mara moja, itakosa kuona sehemu kubwa ya mipinduko hiyo, nayo itatoa taarifa kwamba mvua ilikuwa haba. Dawa ipo: katika Uno pini ya 2 na ya 3 zaweza kuikatiza mashine kazi yoyote iliyo nayo. Dawa hiyo nayo imo katika mifano. Ila imo mbali, na wengi hukomea mwanzoni.

Hapa nafika kwenye kiini cha maneno yangu. Nimesema mfano wa programu una wasomaji wawili. Mashine husoma amri. Kila kilichoandikwa katika mstari baada ya mikwaju miwili mashine hukiruka, haikitazami; hayo huitwa maelezo, nayo ni ya mtu. Majina ya vitu, ambayo mwandishi hujichagulia, mashine huyapokea kisha huyatupa, na chipu haihifadhi hata herufi moja ya jina. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mfano yaweza kuandikwa kwa Kiswahili leo, bila kuibadili lugha ya kompyuta na bila kumngoja mtu yeyote. Mwandishi aweza kuita kigezo chake uzito, mvua, au joto_la_ghala, na mashine itatii vilevile.

Kuna kizuizi kimoja cha kuchekesha. Jina halikubali nafasi ndani yake, wala halikubali alama ya ritifaa, kwa kuwa katika lugha ya C alama hiyo ina kazi nyingine. Kwa hiyo ng' yetu yakataliwa. Kitenzi kifaacho kuliko vyote kwa taa ndogo, kung'aa, hakiwezi kuwa jina katika programu. Na mfugaji atakayetaka kuhesabu ng'ombe itambidi aandike ngombe na kumeza mate. Ndani ya maelezo lakini hakuna katazo: pale ng' yakaa salama.

Zipo pia hila za kuzibadili amri zenyewe, hata mtu akaandika inua badala ya neno la Kiingereza na mashine ikakubali. Mimi siipendi njia hiyo. Mwanafunzi wake hatajua kusoma programu ya mtu wa Nairobi au wa Trondheim, na faida kubwa ya mifano hii ni kwamba dunia nzima huisoma. Amri na zibaki kama zilivyo; ni chache, hazizidi maneno ishirini kwa mwenye kuanza. Maelezo ndiyo yanayobeba akili.

Kwamba maelezo ndiyo yanayobeba akili, mizani yatuonyesha wazi. Mfano wa mizani ulionakiliwa sana, wa chipu ile ya HX711, uliandikwa na Nathan Seidle wa kampuni ya SparkFun, Marekani, mwaka 2014. Ndani yake mna nambari -7050, ambayo kwayo nambari ghafi hugawanywa ili kupata uzito. Katika maelezo mwandishi ameeleza wazi kwamba nambari hiyo ilifaa mizani yake mwenyewe, na kwamba kila mtu yampasa kuitafuta ya kwake kwa kuweka uzito unaojulikana. Pia ametaja, kwa mzaha juu ya watu wa kwao, kwamba jibu limo katika ratili, na kwamba mwenye akili timamu ataligeuza liwe kilo. Ruhusa aliyotoa nayo ni ya mzaha: anayefaidika na programu hiyo, akikutana naye kilabuni, amnunulie kinywaji.

Mwandishi ametimiza wajibu wake. Lakini angalia onyo hilo limekaa wapi. Limekaa katika maelezo, ambayo mashine haiyasomi. Na limeandikwa kwa Kiingereza, ambacho kijana aliyemaliza shule ya msingi Chinongwe, aliyesomeshwa kwa Kiswahili, aweza asikisome. Amri zitafanya kazi, nambari zitawaka, na onyo litakuwa halina msomaji hata mmoja. Tofauti ya ratili na kilo pekee ni zaidi ya mara mbili, kwani ratili ni kilo 0.4536, hiyo itagunduliwa upesi. Kosa la hatari ni lile dogo, la sehemu tatu au nne katika mia, ambalo gunia halilitangazi, na ambalo humwendea mkulima yuleyule kila msimu.

Ni kweli kwamba mizani ya biashara haipaswi kutoka katika meza ya mwanafunzi. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ndio wenye kazi ya kuihakiki mizani na kuitia alama, na mizani isiyo na alama haifai kupimia mali ya mtu. Hata hivyo fundi atakayeitengeneza mizani iliyoharibika, karani atakayeitilia shaka, na mkulima atakayetaka kujua kwa nini nambari imebadilika tangu asubuhi hadi adhuhuri, wakati jua limekwisha kuipasha chuma, wote wahitaji kujua kwamba nambari ile ni matokeo ya kugawanya, na kwamba kigawanyo chake kilitafutwa na mtu kwa jiwe la mizani.

Si kwamba hakuna lililofanywa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na kwa kazi hiyo istilahi nyingi zilibidi kutafutwa. Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere, kikundi cha AirQo kimekuwa kikibuni tangu mwaka 2015 vyombo vyake vya kupimia uchafu wa hewa, vikavumilia joto na vumbi la miji yetu, na baadhi yake vikafungwa juu ya bodaboda. Kazi ya kwanza ilishughulikia uso wa programu, yaani maneno anayoyaona mtumiaji. Ya pili ilithibitisha kwamba ufundi wenyewe upo hapa. Sehemu iliyobaki ni ile ya kati, maelezo ya ndani ya mifano, nayo ni kazi ya watu wa lugha na watu wa ufundi wakikaa pamoja mezani.

Ili nisiseme tu bila kutenda, naweka hapa maelezo ambayo ningeyaandika juu ya ile nambari ya mizani:

// Nambari hii ilifaa mizani ya mtu mwingine. Usiitumie kabla ya kuitafuta ya kwako.
// Acha mizani tupu, isawazishe iwe 0. Kisha weka jiwe la kilo 5 lililohakikiwa.
// Badili nambari mpaka isomeke 5. Rudia kwa jiwe la kilo 20, asubuhi na adhuhuri.
// Jibu ni kwa kilo, si kwa ratili.

Nimeandika isawazishe kwa kuirudisha mizani kwenye 0, nami nina shaka kidogo, kwa kuwa wengine hutumia kusawazisha kwa lile tendo la pili, la kuilinganisha mizani na jiwe. Matendo haya mawili ni mbali, na lisipopatikana neno kwa kila moja mafundi watayachanganya. Kwa la pili ningechagua kulinganisha. Kuhakiki ningekiachia Wakala wa Vipimo, maana tayari ni neno la sheria na la muhuri. Wasomaji wa Lindi na Mtwara, ambao husikia lugha ya ghalani kila msimu, huenda wanalo neno lililo bora kuliko hayo, nami ningefurahi kuliona likichapwa katika kurasa hizi.